Matembezi ya Urithi Kando ya Mto Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa vikundi vya mtaa, shule, makanisa, misikiti na wapenzi wa historia wanaotaka kutembea, au kuwatembeza wengine, kandokando ya Mto Nairobi kati ya Museum Hill na Kamukunji.

Njia inaanzia wapi na kuishia wapi?

Inaanzia Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, inashuka hadi Bustani ya Michuki, inavuka Globe, inapita Grogan (kwenye ramani ni Barabara ya Kirinyaga), inaingia Kariokor na kumalizikia uwanja wa Kamukunji. Ni kati ya kilomita 3 na 4, kutegemea ni mara ngapi mtalazimika kuuacha mto na kuzungukia barabarani. Mtu akienda peke yake bila kusimama hamalizi hata saa mbili. Kundi linalosimama kusikiliza huchukua saa tatu, na likiwa na wazee au watoto, tatu na nusu.

Tembeeni kufuata maji, si kuyapinga. Mkianza juu, watu huona mto ukibadilika hatua kwa hatua: bustani, kisha gereji, kisha soko. Mkianza chini, wanafika Michuki wamechoka na kuiona kama mahali pa kupumzikia tu.

Bustani ya Michuki ilikuwaje zamani?

Kipande hicho kati ya Museum Hill na Globe kilikuwa jalala, gereji na makao ya familia za mitaani. Mwaka 2008 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, alisimamia usafishaji wake: taka zikaondolewa, kingo zikapandwa miti na nyasi. Michuki alifariki Februari 2012 na bustani ikabaki na jina lake. Baadaye ilizorota, ikakarabatiwa tena mwaka 2020.

Kiongozi wa matembezi asiishie hapo. Mafundi na familia waliokuwa pale hawakuyeyuka. Waliondolewa, na kila bustani iliyo kando ya mto huu ina watu waliotangulia. Litajwe kwa sentensi mbili au tatu, bila kuhubiri, kabla watu hawajaanza kupiga picha za maua.

Kwa hiyo mto umepona?

La. Kingo zimepona kwa sehemu, maji bado. Watu huchanganya mambo haya mawili, na ni vizuri kuyatenganisha mapema. Mto unatoka kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukiwa na maji ya kawaida. Kadiri unavyoteremka mjini unapokea maji taka ya mabomba yaliyopasuka na ya mitaa isiyounganishwa na bomba kuu, mafuta ya gereji, na taka ngumu. Bustani haiwezi kuzuia kinachoingia kilomita kadhaa juu yake.

Mara nyingi mtu huuliza kwa nini Nairobi isifanye kama Seoul, ambako barabara ya juu ilibomolewa na kijito cha Cheonggyecheon kikafunguliwa mwaka 2005. Kile ni kipande cha takriban kilomita 5.8, na sehemu kubwa ya maji yake husukumwa kwa pampu kutoka mto Han. Ni maji yaliyochaguliwa. Mto Nairobi unabeba chochote ambacho mji umeutupia siku hiyo, kwa hiyo kazi yake iko kwenye mabomba kabla ya kufika kwenye maua.

Maji haya huishia wapi?

Mto Nairobi unaingia Athi, ambao huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Wageni kutoka Pwani hulisikiliza jibu hili kwa makini kuliko wote.

Hadithi gani zisimuliwe, na ziwe wapi?

Vituo sita vinatosha. Zaidi ya hapo watu hukumbuka miguu yao kuliko historia.

Makumbusho ndipo pa kueleza kwa nini mji uko hapa. Reli ilifika mwaka 1899. Wajenzi walihitaji mahali tambarare pa kuweka bohari na karakana kabla ya kupanda kuelekea Limuru na bonde la Ufa, na penye maji. Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo kwenye mto huu uliokuwa na maji baridi, ndiko jina la mji lilikotoka. Jengo la makumbusho lenyewe lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana Coryndon. Hapa msizidi dakika kumi. Watu bado wana nguvu na wanataka kutembea.

Michuki tumekwisha kuisema. Hapa ndipo pa kutumia kamba, ambayo tutaieleza chini.

Globe ni kituo cha dakika tano. Jina linatokana na jumba la sinema lililokuwa hapo. Ng'ambo ya mto ni Ngara, mtaa uliojengwa na kukaliwa kwa miaka mingi na familia zenye asili ya India. Simameni upande wenye kivuli na mbali na barabara, kwa sababu magari ya Thika Road hayatawaacha msikie kitu.

Grogan ndiko mahali ambapo matembezi mengi hukosea kwa kupita haraka. Barabara ilibadilishwa jina, lakini fundi yeyote atakwambia yuko Grogan, jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyemiliki ardhi hapa. Ni karakana ya mji: vipuri, upakaji rangi, uchomeleaji, injini zinazofunguliwa juu ya mawe. Urithi si majengo ya mawe peke yake. Ufundi unaorithishwa kutoka kwa fundi hadi kwa kijana wa spana ni urithi pia. Pangeni na fundi mmoja siku mbili kabla, awaonyeshe kazi moja tu, kwa mfano jinsi anavyonyoosha mlango uliobonyea. Mlipeni muda wake.

Kariokor lilipata jina kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliosombwa, wengi kwa nguvu, kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyohiyo. Wakumbusheni watu kwamba mpagazi yumo katika sanamu tatu za Kenyatta Avenue, zenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Wengi huzipita kila siku. Ndani ya soko kuna viondo, viatu vya ngozi na akala za matairi. Pia kuna nyama choma, na kundi lenye njaa halisikii historia, kwa hiyo kulani hapa kabla ya kituo cha mwisho.

Kamukunji yafaa muda mrefu kuliko vyote. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, watu walikusanyika hapa kudai vyama vingi ingawa serikali ilikuwa imepiga marufuku mkutano na kuwakamata Kenneth Matiba na Charles Rubia siku chache kabla. Polisi waliwavamia, vurugu zikaenea mitaani, watu wakauawa. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kiliondolewa katika katiba. Hatua chache kutoka hapo, mafundi wa jua kali hugonga mabati kuwa masanduku, sufuria na majiko. Na ng'ambo kidogo ni Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijiji vya zamani vilipoanza kubomolewa. Pangani kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea waliohamishwa. Vijiji hivyo, vyenye Waislamu wengi na wenye nyumba za kupangisha, ndivyo vilivyoipa Nairobi Kiswahili chake cha kwanza cha mtaani. Yeyote anayedhani Kiswahili cha Nairobi kilianza na matatu aletwe hapa.

Kamba ya nini?

Nunueni kamba ya manila ya mita 30. Fungeni kitambaa chekundu kwenye mita 6 na kingine mwishoni. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinataka ukanda wa mto uachwe bila ujenzi wala kilimo: angalau mita 6, usizidi mita 30, kupimwa kutoka alama ya juu kabisa ambako maji huwahi kufika.

Pale Michuki, mmoja ashike mwanzo kwenye alama hiyo na mwingine avute kamba kuelekea nchi kavu. Rudieni Grogan, palipo na nafasi ya kuivuta. Hamhitaji maelezo, kila mtu ataona kitambaa cha pili kimeangukia wapi. Kosa la kawaida ni kuanza kupima kwenye ukingo wa maji ya siku hiyo. Kiangazi maji huwa yamejikunja katikati, na kamba itawadanganya kwa mita kadhaa. Tafuteni mstari wa takataka zilizonasa kwenye vichaka au doa la tope ukutani.

Msiipime nyumba ya mtu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliamuru watu waliokuwa ndani ya mita 30 wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa, hasa Mathare. Kundi la wageni wenye kamba mlangoni linatisha, na mna kila sababu ya kufukuzwa.

Twende msimu gani, siku gani, saa ngapi?

Januari, Februari, na Juni hadi Septemba. Mvua za masika (Machi hadi Mei) na za vuli (Oktoba hadi Desemba) hufanya kingo ziteleze. Jumamosi ni bora kuliko Jumapili: Jumapili njia ni nyepesi, lakini Grogan imefungwa na mnatembea mbele ya milango ya mabati. Ijumaa epukeni, kwa sababu mtafika upande wa Pumwani wakati wa swala.

Kutaneni saa mbili kasorobo asubuhi, mwondoke saa mbili kamili. Kufikia saa tano na nusu muwe Kamukunji. Baadaye jua ni kali na msongamano wa mikokoteni ya soko la Gikomba haupitiki.

Tutajuaje mto unajaa?

Msiangalie mawingu yaliyo juu yenu peke yake. Mvua ikinyesha Kikuyu au Dagoretti, maji hufika katikati ya mji kukiwa kukavu. Dalili ni tatu: maji yanageuka ya kahawia ghafla, vijiti na povu vinaongezeka, na mlio wa mto unabadilika. Mkiona moja, pandeni barabarani mara moja na mmalizie huko. Asubuhi ya matembezi, pigeni simu kwa mtu aliye juu ya mto mumuulize kama usiku kulinyesha.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote kwa uchafu. Inasomba mafuta na taka za miezi mitatu kwa siku moja. Ahirisheni kwa siku tatu au nne.

Kundi liwe na watu wangapi?

Kumi na tano, ishirini wakizidi sana. Kila watu wanane wawe na msaidizi mmoja. Wa mbele aijue njia. Mfunga msafara ajue kuhesabu. Hesabuni watu kila mnapovuka barabara na kila mnapotoka sokoni, maana Kariokor ndiko watu hupotelea wakinunua viatu. Kipaza sauti cha mkononi kisitumike: kinawageuza wenyeji kuwa watazamaji na ninyi kuwa kampeni. Kundi likiwa kubwa, ligaweni mara mbili mwachane kwa dakika thelathini.

Tunahitaji ruhusa gani?

Anzeni kwa chifu wa kila eneo, kisha viongozi wa soko la Kariokor na wa mafundi. Kwa polisi, pelekeni barua kwa OCS (mkuu wa kituo). Sheria inayosimamia mikutano ya hadhara na maandamano inataka taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Matembezi ya watu kumi na tano si maandamano, lakini kundi linaloelekea Kamukunji huweza kueleweka vibaya, na nakala ya barua yenye muhuri humaliza mjadala. Barua iwe na tarehe, saa, vituo, idadi ya watu na simu mbili.

Mtu akilipwa kama mwongoza watalii anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA). Mzee anayesimulia mtaa wake kwa dakika kumi si mwongoza watalii.

Kupima njia kabla kunafanywaje?

Mara mbili: wiki moja kabla, na tena jioni ya kuamkia siku yenyewe. Nendeni watu wawili, na mara ya kwanza iwe siku ya wiki ileile na saa ileile mtakayotembea. Andikeni kila mahali njia inapokatika, kila mfuniko wa bomba ulioibwa, kila choo cha kulipia na kama kina maji. Pigeni picha ya kila kona ya kugeukia. Kwenye kila kituo simameni dakika tano mkiwa kimya: je, mnasikika? Kuna kivuli? Mko mlangoni pa biashara ya mtu?

Kuanzia mradi wa kurejesha mito ya Nairobi uliozinduliwa Machi 2025, mitambo na ua wa mabati vinaweza kufunga kipande chochote. Njia ya mwezi uliopita si lazima iwe njia ya leo. Wekeni njia mbadala ya barabarani kwa kila kipande kati ya Globe na Kamukunji.

Nani asimulie?

Wenyeji, na si mmoja. Mtafuteni aliyeishi au kufanya kazi mtaa huo, mwanamume na mwanamke, kwa kuwa mama aliyeuza chakula Gikomba ana mto tofauti na wa fundi. Mkae naye kabla. Mwulizeni mambo matatu: ulianza kuja hapa mwaka gani, kitu gani kilikuwapo ambacho hakipo, na nani mwingine anaweza kunieleza hivyohivyo. Swali la tatu ndilo kichujio.

Dakika kumi ziwe kumi. Mzee akichangamka asikatwe kwa saa, msaidizi asogee karibu naye na kusema, "Mzee, tukupeleke mbele kidogo utumalizie njiani." Mnatembea huku anaongea, heshima imebaki na ratiba pia. Malipo yakubaliwe kabla na yatumwe kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Kumwambia mtu "tutakuona" ndiko kunakomfanya asije tena.

Simulizi mbili zikigongana, zote zisemwe na watu waambiwe zinagongana. Tarehe zikagueni kwenye kitabu au nyaraka kabla ya kuziweka kwenye kibao au karatasi ya njia.

Tunaweza kupiga picha?

Mto, miti, majengo: ndiyo. Watu: ombeni kwanza. Familia za mitaani na watoto msiowafahamu: hapana, hata wakikubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu picha inayomtambulisha mtu, hasa mtakapoiweka mtandaoni. Kwenye karakana ya Grogan msipige namba za magari. Mwenye gari hajui mko hapo.

Tuvae nini na tubebe nini?

Viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli inayoshika. Suruali ndefu. Kofia, kwa sababu mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na jua linachoma hata kukiwa na baridi. Maji lita moja kwa mtu, kwenye chupa ya kujaza. Pesa kidogo, simu mfuko wa mbele, na vito vibaki nyumbani.

Kikundi kibebe sabuni na lita tano za maji ya kunawa, glavu jozi nne, bandeji, dawa ya kusafisha vidonda, chumvi-sukari ya kuharisha, na orodha ya namba: 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Mtu akigusa maji?

Anawe kwa sabuni mara moja, kabla hajagusa mdomo. Mwenye kidonda kilicholowa akioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kadhaa, akifunike. Homa, maumivu ya misuli au kuharisha ndani ya wiki mbili yampeleke hospitali na amweleze daktari kwamba aliguswa na maji ya mto. Bila taarifa hiyo atatibiwa malaria.

Wanafunzi wakitaka kuona maji kwa karibu, msaidizi mwenye glavu ateremshe ndoo kwa kamba kutoka darajani, amimine kwenye chupa inayopitisha mwanga, aifunge. Fanyeni hivyo Museum Hill na tena karibu na Kariokor, kisha zisimamisheni chupa mbili kando kwa kando kwenye karatasi nyeupe. Andikeni juu ya chupa zilikotoka kabla ya kuondoka darajani. Zikichanganyika somo limeharibika.

Wenye viti vya magurudumu na wazee wasioweza kwenda mbali?

Wafanye Makumbusho na Michuki tu, baada ya mtu kukagua ngazi na mageti asubuhi hiyo. Baada ya Globe njia haifai: mitaro wazi, vipande vya chuma, mikokoteni. Wasafirishwe kwa gari hadi Kariokor, waungane na wengine kwenye chakula.

Tuokote taka tukiwa njiani?

Siku nyingine. Usafishaji unahitaji reki, magunia, glavu za kila mtu na gari la kubeba magunia siku hiyohiyo. Bila gari, mvua itayarudisha mtoni. Na mtu aliyeinama kuokota hasikii. Wanaotaka kazi ya mikono wawaendee vikundi vinavyofanya hivyo kila wiki, kama vijana wa Komb Green kule Korogocho, waliogeuza jalala la ukingoni kuwa bustani ya watu. Waulizeni wanahitaji nini kabla ya kwenda.

Ada iwe kiasi gani?

Jumlisheni malipo ya wasimulizi, fundi, wasaidizi, viingilio kama mnaingia ndani ya makumbusho, chakula na akiba ya dharura ya asilimia kumi. Gawanyeni kwa watu kumi na wawili, si kumi na watano, maana siku zote kuna wasiofika. Wenyeji wa mitaa mnayopita waingie bure. Chukueni malipo kabla. Anayeahidi kulipa Museum Hill ndiye asiyetokea.

Mkiahirisha kwa sababu ya mvua, pesa zinarudishwa?

Tangazeni uamuzi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa ujumbe na kwa simu kwa wasio na simu janja. Mtembeaji achague tarehe mpya au arudishiwe yote. Wasimulizi walipwe nusu, kwa kuwa walishaacha kazi ya siku.